Jaji Akishatia Sahihi, Mtoto Hubaki na Nani?

Nchini Kenya, mtoto anayeasiliwa, yaani anayepewa wazazi wapya kisheria, hufuatiliwa na wengi mpaka siku ya mahakama. Sheria inataka awe amekaa na wazazi wapya miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kupelekwa. Amri ikishatoka, wengi hao hutawanyika. Naye bibi aliyeachiwa wajukuu mayatima, mara nyingi mahakamani hafiki kabisa.

Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarudisha katika familia. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini familia hiyo ikikwama, imkimbilie nani: afisa wa serikali au mtu wa mtaani?

Kisauni, Mombasa, bibi mmoja alinifungulia bahasha ya kaki: kadi ya kliniki ya mjukuu na nakala ya kitambulisho cha marehemu bintiye, imekunjwa mpaka maandishi yamefifia. Cheti cha kuzaliwa hakuna, na shule inakidai. Aliyemwokoa ni jirani, mjitolea wa ulinzi wa watoto, aliyefuatana naye kwa chifu, kisha ofisi ya usajili, mara tatu, kwa nauli ya mfukoni mwake. Afisa mwenye mafaili ya kaunti ndogo nzima asingeyaweza hayo.

Wanaohofia huduma za mtaani nao wana haki. Mgeni mwenye daftari akibisha mlango mmoja mara mbili, jirani ataulizia. Mtoto ambaye wazazi hawajamwambia kuwa wamemwasili anaweza kulisikia bombani, kwa watoto wenzake. Tena mjitolea akiwa mpwa wa mlezi anayempiga mtoto, atamshtaki?

Kwangu mimi, kosa ni kuwapimia wote kwa kibaba kimoja. Kwa bibi hakuna siri, mtaa ulizika naye. Katika kafala, yaani malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, inayotambuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto hubaki na nasaba yake, na kwa kawaida majirani wanajua. Hapo jirani ndiye msaada. Walioasili wapewe mshauri wanayemchagua wenyewe, hata wa mbali, na kesi za mateso ziende moja kwa moja kwa afisa.

Kuhusu fedha, Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya zenye uhitaji, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, awe yatima mmoja au wanne. Na mjitolea anayewatembelea bado anajilipia nauli ya matatu.