Kipaji Hakina Likizo

Mtu akikusifu mbele ya kanisa zima kwamba una kipaji, jua kuna mzigo unatafutiwa mbebaji. Mimi nilisifiwa miaka tisa iliyopita kwa kupiga kinanda, na tangu siku hiyo ndiye ninayebeba spika. Hubeba pia kinanda, stendi yake, na ule mfuko wa nyaya ambazo hakuna anayejua ni za nini lakini hakuna anayethubutu kuzitupa. Nafika saa moja kabla ya ibada, napiga magoti nyuma ya spika kutafuta waya uliolegea, na waumini waliowahi hupita kwa kunyata wakidhani ninasali. Kwa kweli huwa ninasali, ila si sala ya kusomwa kwa sauti.

Nimefanya utafiti wangu katika Maandiko. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 9, inasema waimbaji wa hekalu hawakuwa na kazi nyingine, kwa kuwa walishughulika na kazi yao usiku na mchana. Sura ya 25 inawahesabu: walikuwa 288, waliogawanywa katika zamu 24 za watu 12 kila moja. Sisi tuna zamu moja, na ina mtu mmoja, naye ndiye anayeulizwa kwa nini taa ya ukumbini haiwaki.

Hayo ya kubeba ningeyavumilia. Kinachonimaliza ni mzee wetu mpendwa ambaye huguswa moyo bila taarifa. Huinuka katikati ya ibada, hufumba macho, hukohoa mara mbili, kisha huanzisha pambio kwa noti ambayo haimo katika kinanda changu. Ninalisema hilo kwa uhakika, kwa sababu kinanda changu kina vibonye 61 na nimevijaribu vyote. Noti ya mzee inakaa katikati ya F na kibonye cheusi kinachoifuata, mahali ambapo watengenezaji hawakuweka kitu. Nakiri kwamba kipo kitufe cha kuhamisha ki, yaani kupandisha au kushusha noti zote kwa pamoja, ambacho sisi wapiga kinanda hukitegemea kuliko tunavyopenda kusema hadharani, lakini kitufe hicho huhama nusu sauti kwa nusu sauti, yaani kutoka kibonye hadi kibonye cha jirani, na mzee amechagua kuishi kwenye robo. Basi naminya kibonye kimoja kimoja kwa kidole kidogo, sauti nimeishusha chini kabisa, huku mama wa safu ya mbele akinitazama kwa huruma kama mtoto aliyesahau shairi lake. Ninapokaribia kumpata, shangwe ya ubeti wa pili inampandisha mzee, naye anahamia kwingine. Baada ya ibada hunishika bega na kuniambia, "Mwanangu, leo ulichelewa kidogo kuingia."

Kisha akaja ndugu wa tarumbeta. Alijitolea mwenyewe, chombo anacho, na tatizo la mtu wa kujitolea ni kwamba humwezi: hukumwajiri, kwa hiyo huwezi kumfukuza. Siku ya kwanza ya mazoezi tulisoma ukurasa uleule, tukaanza pamoja, tukamaliza pamoja, na katikati yake kwaya nzima ikawa imeshika masikio. Ilikuwa rahisi kueleza. Tarumbeta ya kawaida ni ya ki ya B flati, yaani mpigaji akisoma na kupiga C, masikio husikia B flati, sauti nzima chini ya kinanda. Hakuna aliyekosea, inabidi tu mmoja wetu ahamishe noti. Nilimweleza taratibu, nikamchorea hadi mistari mitano ubaoni. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, akasema amepiga chombo hicho tangu ujana wake, na kwamba pengine ni kinanda kinachohitaji fundi.

Hasira zikinipanda humkumbuka Johann Sebastian Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa Ujerumani, ambaye mwaka 1705, akiwa mpiga kinanda wa kanisa huko Arnstadt, alimkejeli mwanafunzi mmoja kwa namna alivyopuliza basuni. Kijana akamvamia na fimbo usiku barabarani, Bach akachomoa upanga, ikabidi watu wawaamue. Na yule alikuwa analipwa. Mimi nikaenda tu kwa mchungaji, nikamdokezea suala la tarumbeta. Akanikumbusha mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini na yaliyompata. Sikubishana naye, ingawa kwa unyenyekevu wote ningependa kujua kama shimo lile lilikuwa na nafasi ya chombo cha kupuliza.

Mwezi uliopita nikakata shauri. Nilisubiri watu watawanyike, nikakunja waya wa mwisho, nikasema, "Mchungaji, naomba nipumzike miezi mitatu." Niligundua hapohapo kwamba mtu asiye na mshahara hana hata mahali pa kupeleka barua ya kuacha kazi. Mchungaji aliishika mikono yangu yote miwili, akanitazama kwa upendo wa dhati na kuniambia, "Mwalimu, nimekuelewa. Umeelemewa. Tutalifanyia kazi."

Nililala usingizi mzuri wiki nzima. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, ikasomwa kwamba kanisa linaanzisha darasa la filimbi kwa watoto, kila Jumamosi asubuhi, na kwamba watoto 14 wamekwisha kuandikishwa chini ya mwalimu wetu mwenye kipaji, ambaye alisimamishwa apigiwe makofi. Nikasimama. Nikapigiwa makofi. Katibu akageuza karatasi, akaongeza kwamba uongozi umesikia kilio cha mwalimu kuhusu uzito wa kazi, na kwamba ndugu wa tarumbeta amejitolea kuwa msaidizi wake.