Sanduku la kwenda Dar lisibebe glaikoliki

Desemba ikikaribia, sisi tulio Uingereza huanza kupokea maagizo kutoka nyumbani: viatu, simu, na siku hizi vichupa vya kutoa ngozi iliyokufa. Kinachoagizwa zaidi ni asidi ya glaikoliki, na asilimia ikiwa kubwa ndivyo mwagizaji anavyofurahi. Mimi naona hicho ndicho kichupa cha mwisho kupelekwa Dar es Salaam. Si kibaya, na huku kinafaa kabisa. Shida ni jua.

London ya Desemba, kipimo cha mionzi ya jua inayounguza ngozi (UV) ni 0 au 1. Dar mwezi huohuo, saa sita mchana, kinafika 11 na kuzidi. Glaikoliki ni ya kundi la AHA, asidi zinazolegeza seli zilizokufa zilizoganda juu ya ngozi, na ngozi inayobaki huwa nyepesi kuungua. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2005, inapendekeza bidhaa za AHA ziwe na onyo: jikinge na jua wakati wa kutumia na wiki moja baada ya kuacha. Kwa ngozi nyeusi madhara hayaonekani kama wekundu wa Mzungu. Yanakuja kama mabaka meusi yanayokaa miezi. Aliyenunua kichupa ili aondoe mabaka anayaongeza, kisha anatafuta asilimia kubwa zaidi.

Halafu asilimia yenyewe haisemi kitu bila pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi: namba ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa. Asidi inayofanya kazi ni ile iliyo huru, na kwa glaikoliki nusu tu ndiyo huwa huru pH ikiwa karibu 3.8. Ikipanda hadi 4.8, inabaki sehemu moja kati ya kumi. Kwa hiyo chupa ya 10% yenye pH 4.8 inakupa kama 1% ya kazi, wakati ya 5% yenye pH 3.6 inakupa 3% na ushee. Kampuni zinazojiamini huandika pH kwenye chupa au kwenye tovuti yao. Isiyoiandika popote, mimi siinunui.

Hesabu hiyohiyo inajibu ule ubishi kwamba mtindi unatosha badala ya asidi ya dukani. Ni kweli mtindi una asidi ya laktiki, kiasi cha 1% hivi, lakini pH yake ni kama 4.5, hivyo asidi iliyo huru ni kama 0.2%. Seramu ya laktiki ya 5% yenye pH 3.8 ina zaidi ya mara kumi ya hapo. Mtindi unalainisha ngozi, haudhuru, basi. Ndimu ni jambo jingine. pH yake ni karibu 2, na ina kemikali zinazowaka zikikutana na jua. Mtu anajipaka asubuhi, anatoka, baada ya siku moja au mbili ana malengelenge, kisha michirizi myeusi. Anayewashauri watu kupaka ndimu usoni kwa sababu ni ya asili angepaswa kunyang'anywa simu.

Nyumbani tunawashinda watu wa huku kwenye kusugua mwili. Dodoki lililoanikwa kwenye kamba juani linakauka siku hiyohiyo. Huku linaning'inia bafuni kwenye unyevu wiki nzima, linaota ukungu, na linafaa litupwe kila baada ya wiki 3 au 4. Singo ya Zanzibar, yenye karafuu na waridi, nayo ni skrabu nzuri ya mwili kuliko nyingi za madukani, ila haina lebo. Karafuu ina yujenoli, na waridi lina jeranioli, kemikali za harufu. Huku Ulaya sheria inadai vyote viwili viandikwe kwa majina vikizidi 0.001% kwenye kipodozi kinachobaki mwilini, au 0.01% kwenye kinachosuuzwa, kwa kuwa baadhi ya watu huvimba navyo. Bibi harusi ajaribu singo kwenye kiwiko siku mbili kabla, si asubuhi ya shughuli. Na isipande usoni, wala sukari isipande. Sukari vijiko 2 kwa kijiko 1 cha mafuta ni ya magoti, viwiko na miguu.

Huku kuna kosa letu la kudumu. Baridi ikiingia, hita ikiwaka mchana na usiku, ngozi inapauka, na mtu anadhani ni uchafu au ngozi iliyokufa. Anasugua. Inapauka zaidi. Ngozi hiyo imekosa maji tu: fupisha kuoga, punguza moto wa maji, paka losheni yenye yurea (kiungo kinachoshika maji kwenye ngozi) 5 hadi 10% mwili ukiwa bado na majimaji. Yurea ya 25% ni ya magaga, na inashinda jiwe la kusugulia.

Asidi ya salisiliki, ambayo watu wanaiona kama ugunduzi wa Ulaya, imekuwa kwenye maduka yetu ya dawa miaka yote: mafuta ya Whitfield ya fangasi yana asidi ya benzoiki 6% na salisiliki 3%. Hayo si ya uso. Usoni kiwango ni hadi 2%, nayo inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inaingia kwenye vinyweleo. Ndiyo inayofaa kwa chunusi na vipele vya ndevu. Anayedhurika na aspirini aiache. Na ogopa ile tyubu iliyochanganya salisiliki na betamethasoni. Betamethasoni ni steroidi. Uso unang'aa wiki za mwanzo, kisha ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinafumuka. Mtu akichanganya na mkorogo wenye haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, asidi inausukuma ndani zaidi. Haidrokwinoni imepigwa marufuku kwenye vipodozi vya ngozi Ulaya, Tanzania na Kenya, lakini bado utaikuta kwenye meza za sokoni, na maduka ya London yamewahi kushtakiwa kwa kuiuza.

Basi sandukuni weka asidi ya mandeliki, nayo ya kundi la AHA, ya 5 au 10%. Molekuli yake ina uzito mara mbili ya glaikoliki, inaingia polepole, na ngozi nyeusi huivumilia zaidi. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha mpelekee glukonolaktoni, ya upole zaidi. Ile ya kampuni ya The Ordinary yenye AHA 30% na BHA (yaani salisiliki) 2%, nyekundu kama damu, iache dukani: imeandikwa isizidi dakika 10 usoni, na huko nyumbani kuna watu watalala nayo. Nafasi inayobaki ijaze krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi, yenye rangi ya kahawia inayotokana na oksidi ya chuma, maana mwanga wa kawaida nao huchochea mabaka yetu. Mwandikie dada kwa kalamu juu ya boksi: usiku tu, mara mbili kwa wiki, uso mkavu, usisugue siku hiyo, krimu ya jua kila asubuhi, mistari ya vidole viwili kwa uso na shingo. Ikichoma zaidi ya dakika chache, osha kwa maji, paka vaselini, na usirudie hadi ngozi itulie kabisa.