Kunguni wa ghorofa ya tatu ni wa nani?

Mpangaji wa ghorofa ya tatu, tuseme Pipeline, Nairobi, anaamka na alama nyekundu zilizojipanga mkononi. Anainua godoro, anakuta madoadoa meusi kwenye mshono, na kabla ya saa mbili asubuhi amemwandikia keateka, msimamizi wa jengo. Jibu linafika upesi kuliko lilivyofika lile la bomba lililopasuka mwezi uliopita: nyumba ulipewa safi, hao umekuja nao.

Ugomvi wote wa kunguni katika nyumba za kupanga umo ndani ya jibu hilo, na sidhani kwamba anayelitoa huwa anadanganya. Kunguni hafuati uchafu kama panya afuatavyo jaa. Husafirishwa. Huja na kochi la mtumba, na begi lililolala kwenye buti la basi, na godoro la mtoto aliyetoka bwenini. Mwenye nyumba ana hoja nyingine nzito kuliko hiyo. Akilipia dawa leo, nani atamhakikishia kwamba wapangaji wote watafungua milango, watoe nguo kabatini na kusogeza vitanda siku ya kupuliza? Mlango mmoja ukibaki umefungwa, pesa yake imekwenda na maji. Na gharama ikijirudia, atakayeilipa mwishowe ni mpangaji, kupitia kodi.

Lakini dai la "umekuja nao" halithibitishiki. Kunguni aliyekomaa anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo aliyeachwa na mpangaji wa Januari anaweza kumng'ata wa Aprili. Hupita kwenye soketi, kwenye mabomba ya nyaya, chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta unaotenganisha nyumba mbili. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako labda walimfikiria chawa. Kunguni mchana hujificha kwenye mbao za kitanda, na pengine kwenye ukuta wa jirani.

Sheria ya Kenya, nionavyo, haikujitwisha swali hilo la nani alileta. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamtaka mwenye nyumba atoe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu tangu mwanzo, na aendelee kuiweka hivyo muda wote wa upangaji. Katika jengo lenye wapangaji wengi, kuta kuu na njia za pamoja ni mzigo wake. Sheria ya Afya ya Umma nayo inahesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kuhatarisha afya kuwa kero ambayo afisa wa afya anaweza kuamuru iondolewe. Hapo mwenye nyumba ana pa kushika: kunguni huwasha, hunyima usingizi na kumtia mtu aibu, ila hajathibitika kueneza ugonjwa. Wakili wake atalisema hilo. Tena amri hiyo yaweza kumwangukia mpangaji mwenyewe, kwa sababu sheria humtafuta kwanza aliyesababisha kero. Kosa likiwa la jengo lenyewe ndipo humgeukia mwenye mali.

Ukimuuliza mpangaji aliyechoka atafanya nini, mara nyingi atakwambia, "Silipi kodi mpaka wapulize." Namwelewa. Kodi ndiyo fimbo pekee aliyo nayo, na mtu anayelala kwenye kiti usiku kucha hana subira ya barua. Hata hivyo hii ndiyo njia ninayoiogopa kuliko zote, maana humpa mwenye nyumba kesi ambayo hakuwa nayo. Jana mwenye deni alikuwa yeye. Leo mdaiwa ni wewe, na Sheria ya Kukamatia Mali kwa Kodi inamruhusu kuleta dalali abebe televisheni yako. Mbele ya dalali, kunguni si utetezi. Anayetaka kukata gharama ya dawa kwenye kodi apate kwanza kibali kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu unaosema "sawa, kata mwezi ujao".

Njia ya pili ni kununua dawa na kujipulizia. Ni rahisi, na ikiwa umewagundua siku ya kwanza, wako kitanda kimoja tu, inaweza kukufaa. Baada ya hapo ni kupoteza pesa. Kunguni wa sehemu nyingi duniani wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizojaa madukani, na mayai huponea dawa nyingi. Huanguliwa baada ya wiki moja hivi, ndiyo maana mpulizaji anayejua kazi hurudi baada ya wiki mbili bila kuitwa. Asiyetaja siku ya kurudi, usimlipe. Tena dawa nyingi huwafukuza tu wadudu waende kwa jirani, kisha jirani akipuliza zake wanarudi kwako. Na kuna zile chupa zisizo na lebo zinazouzwa kando ya barabara, pamoja na vidonge vya kuhifadhia nafaka ambavyo watu huvifungia chumbani. Gesi ya vidonge hivyo huua, na hupita kwenye nyufa zilezile anazopitia kunguni. Nguo na mashuka yapigwe maji ya moto ya nyuzi 60. Hiyo haina ubishi.

Mahakama sina mengi ya kuisemea. Baraza la kodi za nyumba huishia kwenye nyumba zisizozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho bedsita nyingi za Nairobi, yaani nyumba za chumba kimoja, zilikivuka zamani. Mahakama ya Madai Madogo, yenye mamlaka ya hadi Sh1 milioni, inafaa zaidi ukishahama na dipoziti yako imezuiwa kwa kisingizio cha gharama ya dawa.

Ninayoipa uzito ni njia ambayo wapangaji huiacha kwa aibu: kubisha mlango wa jirani. Watu wanne wa sakafu moja wakiandika barua moja, yenye tarehe na picha za magodoro, maneno ya "umekuja nao" yanakosa miguu, kwa kuwa hawawezi wote wanne kuwa wamekuja nao. Barua hiyohiyo inamwondolea mwenye nyumba hofu yake kubwa, ikiwa imetaja kwamba milango yote minne itakuwa wazi siku ya kazi na siku ya marudio. Nakala ipelekwe kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo. Gharama? Ningeiangusha kwa mwenye nyumba, kwa sababu yeye peke yake ana funguo za nyumba tupu iliyo katikati na anaweza kumwita mpulizaji mmoja kwa jengo zima. Kumpangia mpangaji mmoja bili ya jengo zima si haki. Lakini aliyekataa kufungua mlango, kisha wadudu wakarudi, sioni ubaya akilipia marudio ya nyumba yake.

Ufaransa walilimaliza swali la nani abebe mzigo kwa sheria mwaka 2018: nyumba ya kupanga lazima ikabidhiwe bila wadudu waharibifu. Bado Paris mwaka 2023 ilijaa vilio vya kunguni.

Basi wapo watakaohama, na wana haki. Wanaolipa kwa mwezi watoe notisi ya mwezi, wapige picha za kila chumba, na godoro wanaloliacha walichane kwa kisu kabla ya kulitupa. Godoro zima likiachwa kando ya barabara Pipeline halilali hapo siku mbili, na mtaa wanakohamia haupo mbali.