Acheni Nzi, Pimeni Nyayo

Kila ikitoka habari ya ngozi ya kielektroniki, yaani utando laini wa vihisi unaopima mguso kama ngozi ya mtu, sifa inayopigiwa debe ni ileile: wepesi wa kuhisi. Mwaka 2010 kundi la Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kihisi cha mpira kilichotambua uzito wa nzi, miligramu 20. Mwaka 2016, pale Trinity College Dublin, kundi la Jonathan Coleman likachanganya grafini, yaani kaboni ya utando mwembamba sana, na ule udongo wa silikoni wanaochezea watoto, likapata kitu kinachosikia hatua za buibui. Vyombo vya habari vilifurahi sana. Mimi najiuliza, nani ana shida na hatua za buibui?

Mwenye shida ya mguso ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Kokoto ikiingia kwenye kiatu anashinda nayo. Jioni anavua soksi, anakuta damu. Kliniki humpima kwa uzi wa nailoni uliotengenezwa ili ujipinde ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. "Mzee, fumba macho, ukisikia nakugusa useme," nesi anamwambia. Uzi unapinda kwenye kidole gumba cha mguu, mzee kimya. Gramu 10 ni nzi 500 wa Stanford! Kwa kihisi cha kuwekwa ndani ya kiatu kiulinde mguu huu, wepesi wa kuhisi tulishaupata zamani, tena na chenji inabaki.

Kihisi chenyewe si uchawi. Unachukua polima laini, mara nyingi silikoni, ambayo haipitishi umeme, unaitia nanotyubu za kaboni, yaani vijibomba vyembamba mno, au nyuzi za fedha nyembamba kuliko unywele mara mamia. Kiasi kidogo tu kinatosha, maana vitu virefu na vyembamba hivyo hukutana upesi vikafanya njia za umeme ndani ya mpira. Ukibonyeza, njia nyingine zinaungana na nyingine zinakatika, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa.

Kasheshe ni huo mpira. Ni mvivu kurudi. Kwa nguvu ileile, namba unayoipata wakati unabonyeza si ile unayoipata wakati unaachia. Simama juu yake nusu saa, namba inazidi kusogea na wewe hujanenepa. Joto nalo linaivuruga. Halafu pale mpira laini unapokutana na waya mgumu, mara nyingi ndipo panapokatika kwanza. Sasa weka kitu hicho ndani ya kiatu, kwenye jasho, kikanyagwe na mtu mzima maelfu ya mara kwa siku. Nzi hawezi kukuambia lolote kuhusu hilo.

Ndiyo maana katika kazi ile ya 2010 mimi nilipenda piramidi, nzi nikamwacha. Waliufinyanga mpira ukawa na piramidi ndogondogo zisizoonekana kwa macho, na hewa katikati yake. Mpira ukapata pa kupanukia, ukawa unabonyea na kurudi chapuchapu kuliko utando bapa usio na piramidi. (Kile kilipima uwezo wa kushika chaji, si ukinzani, ila uvivu wa mpira ni uleule.) Habari kubwa ilikuwa hiyo ya kurudi, na haikupata kichwa cha habari.

Watafiti wakiniuliza, ningewaomba namba ya kwanza kwenye ripoti iwe usomaji wa kihisi baada ya kukanyagwa mara laki moja, kikiwa kimelowa. Soli za kupima mgandamizo zipo tayari. Kinachotakiwa ni ya bei nafuu isiyochoka. Wala haihitaji kutaja gramu ngapi. Ikilinganisha kisigino cha kulia na cha kushoto, ikatetema upande mmoja ukielemewa kwa muda mrefu, inatosha mzee kukaa chini, avue kiatu, akague.