Adui Ana Kalenda ya Uchaguzi

Adui wa taifa namvulia kofia kwa jambo moja: tarehe ya uchaguzi anaijua kuliko tume ya uchaguzi. Miaka yote hapo katikati humsikii. Yuko wapi, anaishi vipi, hakuna anayeuliza. Subiri kampeni zifunguliwe. Wiki haijaisha, keshaamka, keshanawa uso, yuko mpakani anatuchungulia. Kura zikihesabiwa na mshindi akaapishwa, adui naye anakwenda likizo.

Nasema haya nikiwa kwenye kochi, rimoti mkononi, nimechoka kuogopeshwa kwa ratiba. Jana limepita tangazo la mgombea mmoja. Sauti nzito ya mwanamume aliyeamka na mafua, ngoma ya taratibu, dum, dum, halafu ramani. Kwenye ramani, mishale myekundu inaingia nchini kutoka kila upande. Mwanangu wa mwisho akaacha kuchora, akaisogelea runinga, akauliza: "Baba, huu mshale unapita nyumbani kwetu?" Nikamwambia haupiti. Akaufuata kwa kidole polepole, akanionyesha kwamba unapita. Usiku huo kalala katikati yetu wazazi, na mimi nimepigwa mateke ya mbavu mpaka alfajiri. Mgombea kalala kwake salama salimini.

Tuelewane. Maadui wapo, sijifanyi mjuaji. Kinachonikera ni kwamba katika ahadi zote za kampeni, hii ya usalama ndiyo pekee ambayo mwanasiasa hawezi kushindwa. Akiniahidi barabara, nitatoka nje niangalie: ipo au haipo. Akiniahidi dawa hospitali, nitaugua, nitakwenda, nitajionea. Usalama nikaukague wapi? Pasipotokea kitu, anapanda jukwaani: "Mmeona? Ni mimi huyo!" Pakitokea kitu, anapanda jukwaa lilelile: "Mmeona? Si niliwaambia!" Na ukiuliza chochote hapo katikati, unajibiwa kwamba hiyo ni siri ya usalama wa taifa. Kazi ya namna hiyo naitaka na mimi. Bosi akiniuliza ripoti iko wapi, namwambia siri. Ofisi si haijaungua? Ashukuru.

Mwaka 1960 kule Marekani, John Kennedy alizunguka na kampeni akiwaambia watu kwamba Wasovieti wamewaacha nyuma kwa makombora, kuna pengo, na pengo lazima lizibwe. Rais aliyekuwepo, Eisenhower, alikuwa na picha za ndege zake za kijasusi zilizomfanya alitilie shaka pengo lenyewe. Lakini si picha za siri? Utazipandisha vipi jukwaani? Mzee wa watu kabaki na ushahidi wake kabatini, makamu wake Nixon, aliyegombea dhidi ya Kennedy, akashindwa kwa kura kiduchu. Mapema mwaka 1961, waziri mpya wa ulinzi, wa Kennedy huyohuyo, Robert McNamara, akawaambia waandishi wa habari kwamba pengo, kama lipo, basi Marekani ndiyo iliyo mbele. Imeisha hiyo. Sijasikia mtu aliyerudishiwa kura yake.

Wengine hata hawasumbuki kumtaja adui kwa jina. Mwaka 1984 kampeni ya Rais Reagan wa Marekani ilirusha tangazo la dubu anatembea msituni. Hakuna Msovieti, hakuna kombora, ni dubu. Sauti inasema wapo wanaomwona dubu huyu ni mpole, wapo wanaomwona ni mkali, na kwa kuwa hakuna mwenye uhakika, si bora tuwe na nguvu kama zake? Halafu linamalizikia hivi: kama dubu yupo. Kama! Yaani mtu kakesha macho, kafunga madirisha, mwishoni anaambiwa kama yupo. Reagan alichukua majimbo 49 kati ya 50. Dubu hakumgusa mtu.

Lakini bingwa wao ni Rais Lyndon Johnson, mwaka 1964. Mpinzani wake, Barry Goldwater, alikuwa na mdomo mwepesi kuhusu silaha za nyuklia, basi watu wa Johnson wakatengeneza tangazo. Binti mdogo yuko kwenye majani, anachambua ua, anahesabu petali moja moja na kuzikosea njiani kama watoto wanavyohesabu. Mara inaingia sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Kamera inazama kwenye jicho la mtoto, sifuri, bomu linalipuka. Jina la Goldwater halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Tangazo lililipiwa likarushwa mara moja tu, Septemba 7. Kazi iliyobaki vituo vya runinga vikaifanya bure kwa kulirudia kwenye taarifa za habari. Ujumbe ukafika: yule bwana atatuletea vita. Oktoba, Johnson akasimama Akron, Ohio, akasema hawatapeleka vijana wa Marekani maili elfu tisa au kumi kutoka kwao wakafanye kazi ambayo vijana wa Asia wanapaswa kuifanya wenyewe. Wananchi wakashusha pumzi, wakampa majimbo 44. Machi 1965, askari wa Marine wakashuka Da Nang, Vietnam. Kufika mwaka 1968, Wamarekani zaidi ya 500,000 walikuwa huko.

Nilimsimulia shemeji yangu habari hii. Akafikiri kidogo, akauliza: "Sasa yule aliyekuwa anapenda vita angefanya nini cha ziada?"

Sikuwa na jibu. Shemeji mwenyewe hawezi kusaidia sana, maana yeye humpigia kura mwenye msafara wa magari mengi. Anasema huyo ndiye mwenye uwezo wa kulinda nchi. Nikamwambia ule msafara unamlinda yeye, haukulindi wewe. Akasema ndiyo, lakini unaonekana.

Na hapo ndipo masikini Michael Dukakis alipojichanganya. Mwaka 1988 aligombea urais wa Marekani, na alikuwa akisemwa kwamba kwenye mambo ya jeshi ni laini. Washauri wake wakaona dawa ni moja, apandishwe kifaru. Septemba ile wakampeleka kwenye kiwanda cha vifaru Michigan, wakamvalisha helmeti kubwa, akachomoza juu ya kifaru akitabasamu na kunyoosha kidole, kifaru kinazunguka uwanjani. Waandishi wa habari walikufa kwa kicheko. Wapinzani wake hawakuhangaika kutafuta picha nyingine. Waliichukua hiyohiyo wakaifanya tangazo la George Bush, yule baba. Dukakis huyu alikuwa ametumikia jeshi kweli ujanani, Korea. Lakini kampeni haiulizi ulitumikia wapi, inauliza helmeti imekukaaje. Mwaka 2008 nao walileta tangazo la simu inayoita Ikulu ya Marekani saa tisa usiku huku watoto wamelala: unataka nani aipokee? Lilikuwa la Hillary Clinton dhidi ya Obama. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa watoto wale waliolala alirekodiwa miaka mingi nyuma, picha ikanunuliwa tu kwenye maktaba ya video, na binti mwenyewe wakati huo alishakuwa mkubwa, na alikuwa anamfanyia kampeni Obama. Unamtisha mtu kwa ajili ya mtoto, kumbe mtoto keshaamka na kura yake anajua pa kuipeleka.

Mke wangu ananiangalia ninavyofuatilia haya, anatikisa kichwa. "Baba watoto," ananiambia, "mipaka ya nchi nzima unaijua. Kitasa cha mlango wa nyuma kimekufa tangu lini?" Nikamweleza kwamba hayo ni masuala ya ndani. Akasema basi mwizi akiingia atakuwa ndani pia.

Marekani waliwahi kujaribu kuipima hofu kwa rangi, kuanzia Machi 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kijani, bluu, njano, chungwa, nyekundu. Kijani ni hatari ndogo, lala. Mpango ukaishi mpaka mwaka 2011, na kitaifa haukuwahi kushuka chini ya njano hata siku moja. Kijani kilipakwa cha nini sasa? Agosti 2004, kampeni zimepamba moto, siku chache tu chama cha upinzani kimemaliza mkutano wake mkuu, rangi ikapandishwa kuwa ya chungwa kwa taasisi za fedha za New York, New Jersey na Washington. Ikaja kufahamika kwamba sehemu ya taarifa zilizotumika ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Inawezekana kabisa nia ilikuwa njema. Ila mimi swali langu ni la mtu mdogo: ikiwa njano nifanye nini, na ikiwa chungwa niongeze nini? Nitembee kwa kukimbia?

Nisije nikaonekana nasema hofu yote ni ya kupika. El Salvador mwaka 2015 ilikuwa na mauaji zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000. Mtu wa kule ukimwambia anatishwa na matangazo atakucheka. Magenge yalikuwa mlangoni kwake yakidai fedha. Hali ya hatari ilipotangazwa Machi 2022, watu zaidi ya 70,000 wakakamatwa, mauaji yakaporomoka, na Februari 2024 Rais Nayib Bukele akarudishwa madarakani kwa kura zaidi ya asilimia 80, muhula wa pili mfululizo ambao wengi waliamini katiba inaukataza. Maelfu ya waliokamatwa waliachiwa baadaye, maana hawakuwa na kosa. Mama ambaye mwanawe ni mmoja wao, kura yake sijui aliitia wapi huku mikono ikitetemeka. Hapo utani unanikauka mdomoni, tuendelee.

Tuendelee Nigeria, maana hofu huko ilimgeukia aliyeishika. Uchaguzi ulipangwa Februari 14, 2015. Imebaki wiki moja, wakuu wa usalama wakasema hawawezi kuuhakikishia ulinzi, jeshi lina kazi kaskazini mashariki na Boko Haram, kundi la wapiganaji wenye silaha, wapewe wiki sita. Boko Haram walikuwa wanasumbua tangu 2009. Wasichana 276 walichukuliwa shuleni Chibok, Aprili 2014, dunia nzima ikapiga kelele. Sasa ghafla zinatosha wiki sita! Na kweli, kwa msaada wa majirani kama Chad na Niger, miji mingi ikakombolewa ndani ya wiki hizo. Wewe ungekuwa mpiga kura ungesema nini? Ungesema asante? Ungeuliza tu: kumbe inawezekana? Machi 28 wakamchagua Muhammadu Buhari, jenerali mstaafu, na kwa mara ya kwanza rais aliyeko madarakani Nigeria akaondolewa kwa kura.

Juzi vijana wa kampeni walipita kwetu nyumba kwa nyumba. Aliyebisha hodi alikuwa na fulana mpya bado ina mikunjo ya boksi, daftari mkononi.

"Shikamoo mzee. Unaionaje hali ya usalama?"

"Marahaba. Mbaya sana."

Uso ukamng'aa. Sijawahi kuona mtu aliyefurahi hivyo kwa sababu mimi naogopa. Akafungua daftari. "Mbaya kivipi, mzee?"

"Kitasa cha mlango wa nyuma hakifungi."

Kalamu ikasimama. "Hapana mzee, naulizia mipaka."

Nikamwambia mipaka nimeiona kwenye runinga, na mishale yake. Sasa mgombea wenu ana mpango gani na hiyo mishale?

Akapunguza sauti, akaangalia kushoto na kulia. "Mzee wangu, mpango upo, tena mkubwa. Lakini hatuwezi kuuweka hadharani. Ni masuala ya kiusalama."

Kisha akaniomba jina langu kamili, namba ya simu, na nimpe uhakika nitampigia nani kura. Nikaangalia kushoto na kulia. Nikamwambia hayo nayo ni masuala ya kiusalama.

Akaandika: hajaamua.