Eti "Wimbo Umeshakaa"

Jumapili iliyopita usiku nilikuwa kwenye daladala natoka Buguruni narudi Tabata, nimepata siti ya dirishani, hedifoni masikioni, nikasema ngoja niangalie grupu la kwaya. Mtu katupia video yetu, tulivyoimba kwenye shughuli mchana ule. Chini yake vimoto vimejaa, makofi, "hongereni sana", "mbarikiwe", "kwaya ya ukweli hii". Nikaifungua kwa raha zangu kabisa maana na mimi nipo hapo mstari wa nyuma, sauti ya tena, na kitenge changu kipya.

Beti la kwanza safi. La pili sio mbaya. La tatu ndo lile tuliloambiwa kinanda kinyamaze, tuimbe sauti tupu, halafu kinanda kirudi kwa kishindo kwenye kiitikio cha mwisho. Wazo la mwalimu, na ni wazo zuri sana, tatizo lina sisi ndani yake. Tulianza beti tupo kwenye ufunguo wa F. Tulivyofika mwisho wa beti sijui tulikuwa wapi lakini kinanda kilivyorudi kwenye F yake tukagongana nacho, tumeshuka nusu toni nzima (ile hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), sekunde kama mbili hivi pakawa na sauti ya breki mbovu za lori. Na kwenye video unamwona mpiga kinanda wetu, kijana mdogo tu, wala hashtuki, mkono wa kulia unaendelea kupiga, kidole cha kushoto kinakwenda kwenye kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha na kushusha ufunguo, moja chini, tayari, tupo wote kwenye E, na kina mama wanapiga vigelegele.

Nilirudia kipande hicho mara sita mpaka nikapitiliza kituo.

Sasa kilichoniuma sio kushuka. Kwaya kubwa zinashuka, kwaya za watu waliosomea zinashuka. Kilichoniuma ni kwamba Alhamisi ya kabla yake, mazoezini, nilinyoosha mkono nikasema mwalimu, beti la tatu tunashuka, turudie bila kinanda. Kabla mwalimu hajafungua mdomo sauti kama nne kutoka nyuma: "Aaah, huo wimbo umeshakaa bwana, tupige mwingine." Na mwalimu, kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda na watu wanaangalia simu, akageuza karatasi. Tukapiga mwingine. Mpya. Wa nne mwezi huu.

Umeshakaa wapi? Umekaa kwa nani? Kwa lugha yetu wanakwaya, wimbo "umekaa" maana yake kila mtu anaweza kuanza nao na kumaliza nao bila kusimama katikati. Basi. Hapo ndo kazi inapotakiwa kuanza, sisi ndo tunafunga daftari. Ni kama mtu aloweke maharage usiku kucha, asubuhi ayapakue.

Ngoja niseme ninachomaanisha maana nikisema "kusafisha wimbo" watu wanadhani nataka tuimbe kama wazungu. Chukua neno moja, "mtakatifu". Hakuna kwaya Dar isiyoimba hilo neno. Ile m mwanzoni ni silabi kamili, mtunzi anaijua, mara nyingi kaipa nota yake peke yake. Ukisikiliza kwetu: nusu ya soprano wanasema "mutakatifu", besi wanaimeza ile m kabisa wanakimbilia ta, alto wanaiimba vizuri lakini wanachelewa, sisi wa tena tunasubiri tuone nani atashinda. Kwa hiyo ile ta inaingia mara tatu, ta, ta, ta, kama mtu anapiga chafya. Marehemu mwalimu wetu wa zamani alitukalisha jioni nzima kwenye herufi hiyo. Midomo imefungwa, mmmm, anazunguka anasogeza sikio kwa kila mtu, anarudi mbele, mmmm tena, halafu anafungua kiganja na wote tunatua kwenye ta pamoja. Tulimchukia siku hiyo. Kuna dada aliondoka akisema amekuja kuimba hakuja kuguna. Lakini Jumapili ile neno lilivyotua, mimi mwenyewe nilisisimka nywele za mikononi, na ni neno moja tu jamani, hata sentensi sio.

Halafu pumzi. Sisi wote tunavuta pumzi sehemu moja, na sehemu yenyewe ni mbovu. "Aliye…" (hapo watu arobaini wanavuta hewa kwa pamoja kama pampu ya baiskeli) "…tupenda." Dawa yake inajulikana, unaelewana na jirani yako, wewe vuta hapa, mimi navuta pale, sauti haikatiki. Dakika kumi za kazi. Hatujawahi kuzipata hizo dakika kumi, ila vikao vitatu vya rangi ya kitenge tulivipata, na kimoja kilienda mpaka saa 3 usiku, na kikaisha bila muafaka tukarudi kwenye rangi ya mwanzo, 35,000 kila mtu, Kariakoo. Sare tunazo tatu. Wimbo uliokamilika toka mwanzo hadi mwisho, nitajie.

Na mkazo wa maneno, hapo ndo usiniguse. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili toka mwisho, mtoto wa chekechea anaujua bila kufundishwa, lakini mpe wimbo uone, beti la pili linalazimishwa kwenye tuni ya beti la kwanza na Bwana anageuka kuwa "bwanaaa". Hilo ni la watunzi, nitalisema siku nyingine.

Kuna siku moja mwaka huu tuliimba vizuri na nitawaambia sababu. Ilikuwa Jumanne, joto lile la kunata, tumechelewa kuanza kama kawaida maana nusu ya kwaya ipo kwenye foleni ya Mandela. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa msikiti wa jirani, tukanyamaza kama tunavyonyamaza siku zote (ndo mapumziko pekee tunayoheshimu kwa wakati), ilivyoisha tu, umeme ukakatika. Kinanda kikafa. Watu wakaanza kukusanya mikoba. Mwalimu akasema hamna anayeondoka, washeni tochi za simu, tutapiga ule wa zamani, solfa tu, zile do re mi, taratibu, sauti moja moja.

Tukaanza. Do, so, mi, re. Besi peke yao, wanashindana wale mabwana wawili kama kawaida yao, mwalimu akawaambia kila mmoja aimbe kwa kiasi cha kumsikia mwenzake, kimya kikaingia humo ndani sijawahi kukisikia. Tukaja alto. Na hapo, bila kinanda cha kujifichia, tukagundua mama mmoja wa alto, nguzo ya sauti yake, anaimba fa mahali penye mi. Akaambiwa mama, hapo ni mi. Akasema mimi nilifundishwa hivi 2016 na sijawahi kuambiwa kitu. Akaulizwa wa pembeni, naye anaimba fa, anamfuata mama. Wa nyuma yake, fa. Mstari mzima wa alto umeimba fa miaka yote hiyo huku kinanda kikipiga mi juu yao kama mtu anayefunika shimo na mkeka! Tulicheka mpaka machozi, mama mwenyewe alicheka zaidi yetu. Halafu tukarekebisha. Mi na fa zimeachana nusu toni tu, unasikia ni kitu kidogo, lakini walivyoishika ile mi pamoja na sisi wa tena tupo kwenye so na besi wapo do, chumba kilibadilika. Saa nzima na nusu, mabeti mawili, mbu wanatumaliza. Tulivyonyamaza mlinzi wa getini akasema kutoka gizani, "Rudieni hiyohiyo."

Umeme ukarudi Alhamisi, na sisi tukarudi kwenye tabia zetu.

Kuna vijana pale kwetu wanaona solfa ni za kizee, siku hizi mtu anatumiwa sauti yake kwenye WhatsApp, anasikiliza mara moja jikoni huku anakaanga vitumbua, tiki za bluu zote, anakuja na anachokumbuka. Voisi noti sizikatai, zimetusaidia sana hasa wanaofanya kazi za shifti. Lakini wimbo wetu wa taifa, ule tulioupokea na uhuru 1961, tuni yake ilitungwa 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, na tungo zake alikuwa anaziandika kwa solfa hizihizi. Solfa ndo zinakuambia uko wapi. Zile nusu toni mbili, mi kwenda fa na ti kwenda do, ndo tunapozamia kila siku, ti yetu haijawahi kufika juu tangu niwajue hawa watu, na huwezi kurekebisha ti kwa voisi noti ya dakika nne yenye kuku wanawika nyuma.

Najua mtaniambia nini. Kwamba waliotusikiliza walifurahi, vigelegele si nimevisikia mwenyewe. Sawa, walifurahi. Kwamba kwaya isiyo na nyimbo mpya vijana wanaihama, sawa, nakubali, mmoja kwa mwezi basi, sio wanne. Kwamba hatulipwi, tuna makondakta humu, kuna manesi, kuna mama lishe aliyeamka saa 9 usiku, mtu kasimama mwendokasi toka Kimara halafu unamwambia aimbe mmmm kwa saa moja. Hili linanipa shida kidogo, siwezi kulijibu kwa kejeli. Mimi mwenyewe kuna siku nafika pale nimechoka nataka tu kupiga wimbo mpya wenye ngoma, nitoe jasho, niende kulala. Ila nadhani aliyechoka ndo anastahili zaidi kurudi nyumbani na kitu kilichokamilika. Yule mama wa alto siku ile ya giza alitoka amechoka vilevile, kapanda bajaji anaimba ile mi yake.

Basi juzi nikaandika kwenye grupu, kwa heshima zote, nikaanza na shikamooni wakubwa zangu, nikaomba wiki mbili tu tusipokee wimbo mpya, tusafishe huu wa Jumapili, hasa beti la tatu, nikaweka na kipande cha video kuanzia pale kinanda kinaporudi. Watu kumi na moja wakaweka kimoto. Mmoja akasema "hapo transpozi ilikuwa hatari". Mpiga kinanda akaweka emoji ya kujificha uso. Mwalimu kimya, nikajua anatafakari.

Leo asubuhi katuma nota. PDF, kurasa sita, wimbo mpya, besi wana kipande cha peke yao ukurasa wa nne. Nimeshaprinti, steshenari ya hapa jirani. Alhamisi mazoezi ni saa 11 na nusu, kwa hiyo saa 12 na robo tutakuwa tumeanza.