Wakorea walibatizana wenyewe, amri zikatoka mbali

Wanaosimulia Ukristo wa Korea hupenda kuanzia mwaka 1784, na wana haki. Mwaka huo msomi kijana, Yi Seung-hun, alibatizwa Beijing, akarudi kwao na kuanza kubatiza wenzake. Nchini hakukuwa na padri hata mmoja. Walikuwa na vitabu vya Wajesuiti vilivyoandikwa kwa Kichina, wakavisoma na kuvibishania kama wasomi wa Confucius walivyozoea. Hata padri wa kwanza kuja kuwahudumia, Zhou Wenmo, aliyeingia kwa siri miaka kumi hivi baadaye, alikuwa Mchina.

Kwa hiyo anayesema dini hii waliileta Wazungu hana hoja. Anayesema ilikuwa ya Wakorea wenyewe kwa kila hali naye ana kazi ya kueleza suala la matambiko. Waumini walipouliza, askofu wa Beijing aliwajibu mwaka 1790 kwamba kuwatambikia mababu ni marufuku. Muumini mmoja, Yun Ji-chung, akachoma vibao vya mababu zake, yaani vibao vyenye majina yao vilivyotumika katika matambiko, na mama yake alipofariki hakumfanyia tambiko. Mwaka 1791 akakatwa kichwa. Kwa ufalme wa Joseon uliotawala Korea wakati huo, ambao sheria zake zilisimama juu ya utii wa mtoto kwa mzazi, huo ulikuwa uasi mtupu. Kisha likaja la 1801: katikati ya msako wa waumini, muumini Hwang Sa-yong aliandika kwenye kitambaa cha hariri barua ya kuomba manowari za Ulaya ziitishe nchi yake. Barua ikanaswa. Mauaji yaliyofuata, hadi yale ya 1866 yaliyomaliza maelfu, siyatetei hata kidogo, ila hofu ya watawala haikuwa ya kubuni. Cha kuumiza ni kwamba mwaka 1939 Roma yenyewe ililegeza katazo lililomponza Yun.

Kwa Waprotestanti mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo. Mkorea Seo Sang-ryun alikuwa amekwisha kuingiza Injili zilizotafsiriwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, pamoja na mmisionari Mskoti John Ross, kabla wamisionari Underwood na Appenzeller hawajashuka katika bandari ya Incheon mwaka 1885. Wamarekani hao na wenzao wanastahili sifa zao: hospitali, shule ya wasichana ya Ewha mwaka 1886, na uamuzi wa kuwaachia waumini walipie makanisa yao wenyewe.

Msomaji wa Afrika azingatie jambo moja: mkoloni wa Korea hakuja na Biblia. Alikuwa Mjapani. Ndiyo maana kati ya watu 33 waliotia saini tamko la uhuru la 1919, 16 walikuwa Wakristo. Hata hivyo, Ahn Jung-geun, Mkatoliki aliyempiga risasi Ito Hirobumi, waziri mkuu wa zamani wa Japani, mwaka 1909, alinyimwa padri na askofu Mutel, Mfaransa. Padri Wilhelm, naye Mzungu, alimwendea gerezani hata hivyo, na akaadhibiwa.

Mwaka 1938 Wajapani walipolazimisha watu kusujudu kwenye mahekalu ya Shinto, wamisionari kadhaa wa Kimarekani walikubali shule zao zifungwe kuliko kuinama. Mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Korea ulipitisha kuinama, polisi wakiwa ndani ya ukumbi. Mchungaji Ju Gi-cheol, Mkorea, alikataa, akafia gerezani Pyongyang mwaka 1944.